Barua ya wazi kwa wakubwa mnaoagiza michoro Mombasa: mapenzi ya sanaa hayalipi kodi ya nyumba

Kwa Waheshimiwa, Mabwana na Mabibi,
mnaosimamia maofisi ya umma, mahoteli na sherehe za mji huu,
Mombasa.

KUH: MALIPO YA WACHORAJI, MAJINA YETU, NA KUTA ZENU

Waheshimiwa, salaam aleikum. Na kwa wasioitikia salamu hiyo, habari zenu na poleni na kazi.

Mimi ni mchoraji, naishi Kisauni, na kazi zangu mmeziona hata kama jina langu hamlijui. Vibao vya vinyozi na vya vibanda vya chipsi, tuktuk zilizoandikwa maneno nyuma, kuta za nasari zenye herufi na tembo aliyevaa viatu, na kuta kubwa mbili tatu za barabarani ambazo nyinyi wenyewe mmesimama mbele yake mkapigwa picha mnacheka. Naandika hadharani kwa sababu nshaandika faraghani na haikusaidia kitu. Barua nlipeleka, ikapigwa mhuri wa kupokelewa, nakala ninayo. Simu nlipiga mpaka yule dada wa mapokezi akawa ananijua kwa sauti, na yeye maskini hana kosa lolote. Meseji za WhatsApp zina tiki mbili za buluu kwa hivo najua zilisomwa. Majina sitaji. Ofisi iliyonishikia pesa yangu inajijua, mahoteli yanajijua, na isitoshe haya sio ya mtu mmoja, mchoraji yeyote utakaemuuliza kuanzia Likoni mpaka Mtwapa ana ofisi yake anayoifukuzia.

Kabla sijaanza malalamishi kuna maneno nataka tuyamalize kwanza, haya ya "wewe chora kwa mapenzi, pesa zitakuja zenyewe." Kila tukija kudai mnatutizama kama watu waliokuwa hawajaamua maisha yao, ati shida ya mchoraji ni kwamba anaota, hajui achague sanaa au achague riziki. Basi niwaeleze mimi naishi vipi. Asubuhi mpaka alasiri nafanya kazi za watu, vibao, kuta, tuktuk, rangi ya nyumba ikipatikana. Usiku na Jumapili nachora zangu. Zangu mimi ni watu wa feri ya Likoni, ile saa ya jioni watu wakifunguliwa wakashuka wote pamoja, mama na beseni lake, mtu na baiskeli, mwanafunzi anaesinzia amesimama, na kwa vile anaetembea kwa miguu havushwi kwa pesa basi kila namna ya mtu yuko pale. Picha hizo hazinunuliwi haraka, nalijua hilo, na sijamuomba mtu anilipie mapenzi yangu. Vibao vinalipa kodi ya nyumba na unga, kinachobaki kinanunua turubai na rangi za tyubu, na hizo turubai ndo zinazonifanya nisichukie vibao. Hesabu hiyo inakubali, na imekubali kwa miaka. Kinachoivuruga sio ndoto wala uvivu wala ujana, ni kazi kubwa ambayo ikishaisha hailipwi, kwa sababu kazi kubwa inakula vibao vya mwezi mzima na ikimaliza inakula na turubai. Shikeni hilo mnaposoma yanayofuata.

1. Kazi inaisha, pesa haiji

Wacha niwaambie kwanza ukuta wa pwani unachorwaje, maana nahisi wengi mnaona ni rangi na mkono tu. Huku chumvi inaingia kila mahali. Unaanza kwa kukwangua rangi ya zamani mpaka vidole vinakufa ganzi, kisha unaosha chumvi kwa maji matamu, unaacha ukauke sawasawa, ukikuta plasta imevimba unaibomoa na kuziba upya. Halafu praima ya nje, halafu rangi ya msingi, na hapo ndo mchoro uanze. Ukiruka hata hatua moja, kusi ikianza na zile mvua za mwezi wa nne na wa tano zinakuumbua, rangi inabanduka vipande vipande na wa kulaumiwa ni mchoraji, hakuna atakaeuliza nani alikataa kununua praima. Na ikiwa ni nyumba ya Mji wa Kale ndo kuna mambo mengine tena, zile kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinataka kupumua, ukizipaka emalshoni ya plastiki unyevu unafungika ndani na baada ya muda rangi inatoka pamoja na plasta yake, kwa hivo pale unarudi kwa chokaa na rangi za kukorogwa na chokaa kama wazee walivyofanya. Huo wote ni ujuzi, na ujuzi una bei.

Sasa ofisi moja ikanipa ukuta, wa nje, mkubwa, mahali panapopita watu. Bei tulikubaliana, mkubwa akaniambia anza tu, karatasi zinafuata nyuma, maana tarehe ya uzinduzi ilikuwa imekaribia na wageni washaalikwa. Rangi nikachukua kwa mkopo kwa mwenye hadiwea anaeniamini. Jukwaa la kupandia nikakodi. Vijana wawili wa kunisaidia nikawalipa kila jioni, kwa sababu kijana wa kibarua humwambii habari za karatasi zinafuata, yeye ana nauli na ana tumbo. Nikamaliza kwa wakati. Siku yenyewe ikawekwa hema, viti vya kuvalishwa vitambaa, spika, emsii, keki. Mwenye hema namjua ni mtu wa mtaani kwetu, alilipwa nusu kabla hajashusha hata mlingoti mmoja, na nusu ya pili akapewa siku ileile kabla hajafungua kamba. Mwenye spika vilevile. Mwenye keki hata hakukaa kungojea hotuba. Yani sherehe nzima ilikuwa ni ya kuzindua ukuta, na aliyeondoka bila kulipwa ni wa ukuta peke yake.

Kuanzia hapo ni nenda rudi. Faili iko kwa mkubwa. Mkubwa yuko Nairobi. Mkubwa amehamishwa na huyu mpya hana habari na wewe. Lete invoisi. Nikaleta. Sio hii, lete ya eTIMS, ile ya mtambo wa KRA, mamlaka ya kodi. Haya, na hiyo pia nikajifunza nikaleta, najua tangu 2024 gharama isiyokuwa na invoisi hiyo haihesabiki kwa mambo ya kodi, sheria ni sheria sibishani nayo. Lakini tizameni kilichotokea, kwenye mtambo wa KRA mimi sasa naonekana nimeuza na kuuza vizuri, na mfukoni sina hata thumni ya kazi ile. Mwenye hadiwea alinivumilia, kisha akachoka kunivumilia, na haki yake. Ikabidi nichukue kila kazi ya rola inayopita, kupaka mageti, kupaka vyoo vya shule, usiku narudi mgongo umekatika, na picha za feri zikakaa zimegeuzwa uso ukutani muda mrefu sana. Halafu mkubwa mmoja akanikuta kwenye hafla akaniuliza, mbona siku hizi hatuoni kazi zako mpya, umeacha sanaa? Nlimwamkia tu.

2. "Tutakutangaza"

Hii ni ya mahoteli na waandaaji wa sherehe. Mnaniita nichore mbele ya wageni usiku mzima, rangi zangu, turubai yangu, tuktuk ya kubebea vitu naikodi mimi, na malipo ni kwamba mtaniweka kwenye peji yenu. Mwenye nyumba wangu anatumia simu ya mulika mwizi, huko kutangazwa ataniona wapi.

3. Jina langu limefutwa na picha yangu inatembea

Chini ya ule ukuta, kwenye kona, nlitia sahihi ndogo. Sikuweka nambari ya simu wala tangazo, ni jina tu. Baadaye napita nakuta kona imepakwa, na mahali pa jina pamewekwa nembo. Nikanyamaza. Kisha mchoro wenyewe nikauona kwenye kalenda, kisha kwenye fulana za kugawa. Nlipouliza nikajibiwa ukuta ni wetu.

Ukuta ni wenu, hilo silikatai. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 ipo na mna mawakili wa kuwasomea. Inasema kazi ya kuagizwa, kama hamkuandikiana vyengine, hakimiliki inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza, na wachoraji wenzangu mnaosoma hapa sikilizeni hilo vizuri kwa sababu wengi hatujui, ile "karatasi zinafuata" ndo inatunyima. Sasa nyinyi wakubwa mnaishia hapo kusoma. Sheria hiyohiyo inaendelea, inasema hata haki ikishahama mchoraji anabaki na haki ya kutambuliwa kwamba kazi ni yake na haki ya kupinga ikiharibiwa au ikikatwakatwa kwa namna inayomvunjia heshima. Hiyo haihami na ukuta. Kwa hivo kunifuta jina hakujawahi kuwa katika bei, na bei yenyewe hamjalipa.

Kuna na hili la picha za turubai. Sheria ilipofanyiwa marekebisho 2019 iliwekwa haki ya msanii kupata asilimia 5 ya bei pale kazi yake inapouzwa tena kibiashara. Hoteli ngapi za pwani zimefungwa na vitu vyake vikapigwa mnada, vitanda, majokofu, na picha za ukutani humohumo kwenye loti moja na mapazia? Nani aliwahi kumpigia mchoraji simu? Na haki hizi mtu akifa hazifi nae, hakimiliki ya mchoro inaendelea miaka 50 baada ya kifo cha mwenyewe, kwa hivo hata mkitungojea tufe watoto wetu watakuja na faili.

4. Kuta za hoteli na picha za "tuachie"

Sasa hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo pale mapenzi na riziki yanapokutana kila siku. Mtalii anakuja Mombasa, anapelekwa Fort Jesus, anaambiwa imejengwa na Wareno kuanzia 1593 na kwamba UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia 2011, anazungushwa Mji wa Kale, anapigwa picha chini ya sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue, anarudi hotelini. Anaingia chumbani anakuta juu ya kitanda picha iliyochapishwa kwa mashine nchi za nje, maua sijui ya wapi. Kwenye lobi anakuta Mmasai anaruka na jua jekundu nyuma. Ndugu zetu Wamasai nawaheshimu lakini kwao ni mbali na hapa, nyinyi mko ufuoni, mna majahazi, mna mikoko ya Tudor, mna mabaraza na milango ya kuchongwa, mna soko la Kongowea saa kumi na moja alfajiri, na bado mchoraji akija na picha ya mambo hayo anaambiwa wageni wanataka simba.

Nachora simba pia, msinielewe vibaya. Kwa simba nimelipa karo. Siwadharau wanaochora machweo pale ufuoni, ni kazi, na wengine wana mkono kunishinda. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kule Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za baiskeli juu ya hadibodi na picha zikauzwa nje ya duka Oyster Bay, alikuwa anatafuta chakula, na kwa kutafuta chakula ikapatikana namna ya kuchora iliyobeba jina lake mpaka leo na inayotundikwa kwenye hizo hoteli zenu. Kwa hivo hizi hadithi za kwamba pesa inaharibu sanaa mimi sizinunui. Alipatikana wa kununua, basi.

Shida ni mtindo wa "tuachie." Naleta turubai, meneja anazipenda, anasema tuachie zikiuzwa tutakupigia. Hakuna karatasi, hakuna bei iliyoandikwa, na zikiuzwa hoteli inakata nusu, wakati mwengine zaidi. Msimu wa wageni unapita, unaingia mwezi wa tano, hoteli inafunga milango kwa ukarabati, picha zinawekwa stoo pamoja na miavuli ya ufuoni. Ukirudi kuzichukua zimeota kuvu nyuma na moja imetobolewa na mguu wa kiti. Unapewa pole. Na ukiamua kwenda kuuza mwenyewe ufuoni mbele ya hoteli ileile, askari wa geti anakufukuza kwamba unawasumbua wageni. Sasa mnatutaka wapi? Wenzetu wa Nairobi wana vituo vya sanaa, Paa Ya Paa tangu 1965 na GoDown tangu 2003. Mimi nikitaka kuonyesha kazi zangu hapa naomba ukuta wa mkahawa, na lazima wakati wa maonyesho ninywe kahawa yao.

5. Zabuni na pamiti

Mwaka 2018 ilipotoka amri ya majengo ya mjini na Mji wa Kale yapakwe nyeupe na buluu tulifurahi, tukasema hapa watu wa rangi tumefungukiwa. Kazi zilienda kwa makontrakta na sisi tukaitwa kushika rola kwa ujira wa siku. Sawa, rola pia ni halali. Lakini mchezo ni huohuo hata kazi ikiwa ni ya kuchora kabisa, mchoro unafichwa ndani ya zabuni ya ukarabati pamoja na mabomba na vigae, masharti yake yanataka kampuni yenye mahesabu ya miaka yaliyokaguliwa, kontrakta anashinda, kisha ananipigia mimi simu, "kuna kaukuta hapa." Bei aliyopewa ya mchoro siijui na haniambii. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 imetengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni, na kuna vijana wachoraji waliojisajili wakapata vyeti vyote, lakini ukuta usipotangazwa peke yake kama ukuta wataombaje?

Pamiti sitaki kuizungumza sana. Anaeweka picha zake tano chini barabarani anaulizwa leseni kama mwenye duka, zikichukuliwa zinarudi zimekunjika, kama zinarudi. Mwaka 2014 rais wa wakati huo alisema wazi vijana waachiwe wachore matatu kwa sababu ni ajira. Ikiwa bati la matatu ni ajira basi na karatasi iliyo chini ya mwembe ni ajira.

Sasa najua mtakavyojibu, kwa sababu nshajibiwa hivyo, kwa hivo tusipotezeane wakati.

Mtasema pesa hazijatoka Nairobi. Inawezekana ni kweli, mgao wa kaunti na wa maofisi unachelewa na magazeti yanaandika kila mwaka. Lakini kama pesa haipo, mwenye hema alilipwa na nini? Na kama kweli haipo msiagize mchoro, agizeni ikishafika, ukuta hautahama.

Mtasema sanaa ni wito. Na ualimu ni wito, na walimu wakicheleweshewa mshahara wanagoma na nchi nzima inajua.

Mtasema kuna vijana watachora bure. Wapo, na baadhi yao nimewafundisha mimi kushika brashi. Wanachora bure mara ya kwanza na ya pili, ya tatu wako kwenye bodaboda. Ndo maana mnalalamika ati michoro ya mji huu kila siku inafanana na kazi ya mtu anaejifunza. Ni kweli ni ya mtu anaejifunza, waliojifunza mliwakimbiza.

Mtasema kama una haki nenda kortini. Hili nimelitafuta. Korti ya madai madogo ipo kwa sheria ya 2016, inasikiliza madai mpaka shilingi milioni 1 na inatakiwa imalize kesi ndani ya siku 60, na kwa hoteli au kampuni ya sherehe nasema wazi wenzangu tuitumie. Lakini ofisi ya umma mnajua vyema nikishinda siwezi kuja na dalali nikabeba viti vyenu, sheria inakataza mali ya serikali kukamatwa kwa hukumu, inabidi nirudi tena mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha afisa alipe. Kwa pesa ya ukuta mmoja! Mnaponiambia niende kortini mnaniambia niende nikachoke.

Na yule atakaesema utamaduni sio kipaumbele, Katiba ya 2010 kifungu cha 11 kinaitaka serikali ikuze utamaduni na sanaa, na jedwali la nne limeweka shughuli za utamaduni kwenye kazi za kaunti, limeziandika pamoja na mambo ya masoko na leseni na hospitali. Sio hisani.

Ninayoomba sio makubwa.

Kwanza nilipwe ukuta ule. Pamoja na mimi walipwe wachoraji wengine mnaowadai muda, hapana, wanaowadai nyinyi, nimezoea kudaiwa mpaka nachanganya. Kila ofisi itoe orodha ya kazi za kuchora ambazo hazijalipwa, iandike na tarehe ya kulipa, ibandikwe mahali watu wanaona.

Kuanzia sasa kila mchoro uwe na karatasi moja kabla kazi haijaanza. Ukurasa mmoja unatosha: bei, nusu inalipwa kabla ya kukwangua ukuta na nusu ndani ya siku 30 baada ya kumaliza, nani ana haki ya kuchapisha picha kwenye fulana na kalenda na kwa malipo gani, na jina la mchoraji libaki. Mkitaka kuupaka ukuta upya mnipe taarifa mwezi mmoja mbele angalau niupige picha. Kiswahili rahisi, sio kurasa ishirini za kimombo cha mahakamani.

Michoro itolewe kwenye zabuni za ukarabati itangazwe peke yake, kwa masharti ambayo mtu mwenye brashi na PIN ya KRA na picha za kazi zake za nyuma anaweza kuyatimiza.

Mahoteli, kila picha mnayoachiwa iwe na risiti yenye bei na tarehe ya kurudishwa, na mgao wenu uwe theluthi, usizidi. Ikiharibika stoo kwenu mmeinunua. Na jaribuni msimu mmoja tu kutundika picha za huku kwenye vyumba vya huku muone wageni watasema nini.

Na tupatieni mahali. Mama Ngina Drive imetengenezwa vizuri tangu 2019, Jumamosi na Jumapili jioni inajaa familia, wanaouza mihogo na madafu wana nafasi zao. Tengeni kipande cha wachoraji wikendi kwa ada ya siku ambayo mtu anaweza kulipa kwa simu palepale, na askari waambiwe. Sisi tutasafisha wenyewe.

Nataka jibu kabla msimu wa Disemba haujaanza, na jibu liwe la maandishi. Kwa upande wetu wachoraji kadhaa tushakaa tukakubaliana, kuanzia sasa bila nusu mkononi hakuna brashi inayolowekwa, hata uzinduzi uwe kesho na hema lishasimama. Vibao vya vinyozi vitaendelea kama kawaida, kinyozi hulipa siku hiyohiyo.

Wa kunijibu asihangaike kutafuta nambari yangu. Iko juu ya invoisi, zote mbili.

Wasalaam,

Mchoraji wa Kisauni

Nakala kwa:
Wachoraji wote wa Mombasa, Kilifi na Kwale
Mwenye hadiwea, aone kwamba simdanganyi
Ofisi husika, mapokezi, mpigie mhuri na hii